Ajaili Si Ajali: Miaka Yangu na Programu ya Visima

Walioniomba niandike haya ni vijana wa ofisi yetu, na waliniomba wakati mdomo wangu umejaa keki ya kuagwa, kwa hiyo sikuweza kukataa. Walisema, "Mama Ebei, tuandikie vile ajaili ilianza hapa, ndiyo wale watakuja wajue." Nikaitikia kwa kichwa. Sasa nimestaafu, niko Katilu kwenye kishamba chetu kando ya mto Turkwel, mahindi yamenifika magotini, na ahadi ya mtu mwenye keki mdomoni bado ni ahadi.

Sitawaeleza nilipandishwa cheo lini wala nililipwa nini. Cheo changu cha mwisho kilikuwa kirefu mpaka hakikuenea kwenye kitambulisho, na mshahara mnaweza kuukisia mkitazama viatu vyangu. Nitawaeleza kazi.

Niliingia Lodwar nikiwa mpiga chapa. Shirika letu lilikuwa dogo, linashughulika na maji tu: visima, pampu, matangi, na mafundi wa kuvitengeneza. Siku ya kwanza nilionyeshwa kompyuta iliyofunikwa kitambaa cha meza chenye maua, kama maiti ya mtu wa heshima. Vumbi la Lodwar haliogopi mlango. Kila asubuhi, kabla ya kuwasha, ulikunja kitambaa, ukapuliza, ukapangusa kwa brashi ya rangi, ukamwomba Mungu, ndipo ukabonyeza. Aliyenifundisha utaratibu huo wote, pamoja na maombi, alikuwa Mwalimu Barasa, mtu mnene kutoka Kitale aliyeacha kufundisha hesabu ili atunze mashine za ofisi. Mimi nilimwita Mwalimu, wengine walimwita kompyuta zikikataa.

Mwalimu aliniona siku moja nikihangaika kuifanya mashine ijumlishe yenyewe pampu zilizoharibika, badala ya mimi kuzijumlisha kwa kalamu. Hakucheka. Alivuta kiti, kikakwaruza sakafu, akakaa kando yangu akaanza kunifundisha kuandika programu. "Andika mistari michache," alisema, "halafu iendeshe. Ikikataa, unajua ni ile michache imekataa. Ukiandika gunia zima halafu likatae, utachambua punje gani?" Basi tukawa tunaandika kidogo, tunaendesha, anatukana kwa Kibukusu, tunarekebisha, tunaandika tena. Aliporudi kwao Kitale kupumzika, nilikuwa mwandishi wa programu wa ofisi, si kwa sababu nilijua sana, ila kwa sababu hapakuwa na mwingine.

Tatizo ni kwamba ofisi hazipendi mistari michache. Zinapenda waraka. Na hakuna aliyependa waraka kama meneja wetu, Bwana Lomuria. Nisieleweke vibaya. Lomuria alikuwa mtu mwadilifu, mrefu, mwenye shati lililopigwa pasi hata wiki ambayo Lodwar nzima haina stima. Lakini aliamini kwamba jambo likishaandikwa na kupigwa muhuri, limekwisha kutendeka. Tulipoamua kutengeneza mfumo wa kuripoti visima, yaani mtu aliye kisimani anatuma ujumbe kwa simu kwamba pampu imekufa, nasi tunamtuma fundi, Lomuria alitaka kwanza kila kitu kiandikwe. Tuliandika. Waraka ulinenepa mpaka dereva akautumia kuzuia gurudumu gari lilipoharibikia Kainuk. Ndani yake kila kitu kilikuwa kimetabiriwa isipokuwa watu. Na uliandikwa kwa muda mrefu kiasi kwamba baadhi ya visima vilivyotajwa mwanzoni vilikuwa vimekauka tulipofika mwisho.

Wakati huo ndipo akaja Wanjala.

Wafadhili walikuwa wamesema kwamba timu za programu siku hizi zinafanya kazi kwa njia ya ajaili, ile inayoitwa agile kwa Kiingereza, na kwamba watatuletea kijana wa kutuelekeza. Alishuka kwenye ndege kutoka Nairobi na begi moja la nguo na mawili ya vikaratasi vya rangi vyenye gundi mgongoni. Lomuria alituita sote tumkaribishe, hata Lokwang, fundi mkuu wa pampu, ambaye kwa kawaida haingii ofisini ila kuchukua vipuri.

"Nimekuja kuwasaidia kuanza ajaili," Wanjala alisema.

"Ajali?" Lokwang akauliza.

"Ajaili, mzee."

"Ndiyo. Na imeua wangapi?"

Kijana alikuwa na subira, namsifu. Alitueleza kwa maneno ambayo hata leo nayatumia. Alisema, mnajenga nyumba. Njia yenu ni kujenga nyumba nzima ndipo mumwite mwenyewe aione, naye anasema mlango uko upande mbaya. Njia hii ni kujenga chumba kimoja, anaingia, analalamika, mnarekebisha, mnakwenda chumba cha pili. Kila wiki mbili mnaonyesha kitu kinachofanya kazi, hata kiwe kidogo. Na kila asubuhi timu inasimama pamoja kwa muda mfupi, kila mmoja anasema jana alifanya nini, leo atafanya nini, na kama kuna kitu kimemkwamisha.

Nikamkumbuka Mwalimu Barasa na gunia lake. Yeye alikuwa amefanya hivyo hivyo bila vikaratasi, tena bila kupanda ndege.

Mwanzo ulikuwa wa kuchekesha, mnisamehe. Wanjala alibandika vikaratasi ukutani, kila kazi na chake: vya njano vinasubiri, vya buluu vinafanywa, vya kijani vimekwisha. Kufikia saa nne joto lilikuwa limeyeyusha gundi, na feni ikamalizia. Kazi zetu zote zikawa sakafuni, zilizokwisha na ambazo hazijaanza zimechanganyika, hali ambayo Lokwang alisema ndiyo picha ya kweli ya ofisi. Siku ya tatu nilileta kamba na vibanio vya nguo kutoka nyumbani. Tukafunga kamba kutoka dirishani hadi kabatini, tukavianika. Lomuria alipoingia alisimama mlangoni akauliza kama tumefungua udobi. Wanjala alinuna kidogo, kisha nikamwona anapiga picha ile kamba na kuwatumia wenzake wa Nairobi. Sikusikia jina langu likitajwa.

Mkutano wa kusimama nao ulikuwa na shida yake. Maana ya kusimama ni kwamba watu wakichoka miguu wataongea kwa ufupi. Lakini Lokwang, kama wazee wengi wa Kiturkana, hatembei bila ekicholong, kile kigoda kidogo cha mbao ambacho mchana ni kiti na jioni ni mto wa kulalia. Mkutano ukianza tu, anakiweka chini na kukikalia.

"Mzee, tunasimama," Wanjala akamwambia.

"Simameni. Mimi nawasikia kutoka huku."

Na kwa kuwa yeye ndiye aliyekaa, ndiye aliyeongea kuliko sote.

Nusu ya timu yetu ilikuwa Kakuma. Huko tulikuwa na chumba cha mabati karibu na kambi ya wakimbizi, na waandishi wa programu waliojifunzia kazi hiyo humo humo kambini. Mkubwa wao alikuwa Bahati, Mkongomani, mtu wa umri wa kati, mpole, mwimbaji wa kwaya ya kanisa lao. Alikuwa na namna ya kusoma programu kama fundi cherehani anayefumua mshono: haharakishi, harukii, uzi mmoja baada ya mwingine. Kila asubuhi tulimpigia simu, tukaiweka juu ya meza kwa sauti ya wote kusikia, naye akatoa taarifa yake kwa Kiswahili cha kwao, ambacho 'mais' ni 'lakini' na 'shefu' ni mkubwa wa kazi.

"Jambo mama. Kazi inatembea. Yote iko sawa."

"Hakuna kilichokukwamisha?"

"Hapana, mama. Iko sawa kabisa."

Hivyo kila siku. Wanjala alifurahi. Kikaratasi baada ya kikaratasi kilihamia upande wa kijani. Mimi nimelea watoto, na najua kwamba yule ambaye kila siku yuko sawa ndiye unayepaswa kumkagua mifuko. Lakini kamba ilikuwa inapendeza kuitazama.

Tukatoa chumba chetu cha kwanza: kupokea ujumbe. Ukituma kutoka kisimani, mfumo unausoma, unajua ni kisima gani, unamwarifu fundi aliye karibu. Ulifanya kazi Kakuma. Ulifanya kazi Kainuk na hapa Katilu. Tulikunywa soda na mandazi, na Lomuria akatoa hotuba ambayo ilikuwa na kurasa.

Kisha mvua ikakataa. Ninyi mlio wageni hapa mtadhani Turkana mvua inakataa kila mara, lakini kuna kukataa na kukataa. Pampu zilifanya kazi mchana kutwa bila kupumzika, na pampu isiyopumzika inakufa. Ujumbe ulikuja mwingi, mafundi wakakimbia huku na huku, na mfumo wetu ukawa, kwa mara ya kwanza, kitu ambacho mtu angekikosa kama kisingekuwepo. Tulijivuna kidogo.

Asubuhi moja Lokwang aliingia ofisini bila kusalimu mtu. Hata ekicholong hakukiweka chini.

"Lokiriama hawana maji," alisema. "Nimekutana na dereva wa lori la mbuzi. Anasema pampu imekufa zamani."

Tukatazama kwenye kompyuta. Lokiriama ilikuwa kijani, yaani pampu ni nzima. Hakuna ujumbe hata mmoja.

"Mbona hawakuripoti?" Wanjala akauliza.

"Twende tuwaulize," nikasema.

Tulikwenda sote: Lokwang na vipuri vyake nyuma, Lomuria mbele kando ya dereva, mimi na Wanjala katikati. Lokiriama iko kule mpakani, ukivuka kidogo umeingia Uganda. Tulipokaribia tulianza kuona mifugo imelala mahali ambapo mifugo hailali. Wanawake walikuwa wamechimba shimo katika mchanga wa mto mkavu, shimo refu mpaka aliyekuwa ndani haonekani, anatoa kikombe kwa kikombe. Wanaume wengi walikuwa wameondoka na ng'ombe upande wa pili, na wazee walikuwa wamewafuata kwenda kuongea na wenyeji wa kule kabla vijana hawajaongea kwa njia yao.

Mwenyekiti wa kamati ya maji alikuwa mama mmoja anaitwa Nakwawi. Tulimsalimu, "Ejoka." Akajibu "Ejok," kwa heshima, maana salamu haikatazwi, lakini mkono aliuacha ndani ya shuka. Akaitoa simu yake akampa Lomuria.

"Soma," alisema.

Lomuria alisoma. Ujumbe juu ya ujumbe. *Pampu imekufa. Pampu bado. Mko wapi. Mko wapi.*

"Labda mtandao," Lomuria akasema taratibu.

"Mtandao uko. Nilipanda kwa kile kilima kila siku." Akanitazama mimi, mwanamke mwenzake. "Dada yangu alijifungua kwa njia, akienda kutafuta maji. Mtoto yuko, mama yuko. Mngekuta habari ingine hapa leo."

Lokwang alikuwa amekwisha vua shati. Alivuta fimbo za pampu kutoka chini moja baada ya nyingine, Wanjala akizipokea, mikono ya Nairobi ikiwa na grisi hadi kwenye viwiko, mpaka wakaifikia iliyokatika. Waliibadilisha, wakarudisha, na Lokwang akaanza kusukuma mkono wa pampu. Kwanza hewa, kisha kukohoa, kisha maji mekundu, kisha maji. Hakuna aliyeshangilia. Watu walipanga mitungi tu, na ng'ombe waliobaki wakasimama wenyewe bila kuamshwa.

Nilikaa na Nakwawi kwenye kivuli cha gari nikamwuliza namba yake ya simu, niijaribu nikirudi. Akanitajia. Nikamwomba anitajie tena. Haikuanza kama zetu. Ilikuwa laini ya Uganda.

"Huku ya Kenya inashika ukiwa juu ya ngamia," alinieleza, kama mtu anayemweleza mtoto. "Ya Uganda ndiyo inatoka."

Basi nikaelewa. Mfumo wetu ulikuwa unapokea namba za Kenya tu. Ujumbe wa Nakwawi ulifika kila siku, ukagonga mlango, na mfumo ukautazama ukasema huyu si wetu, ukautupa bila kumwambia mtu yeyote.

Tuliporudi Lodwar, Lomuria aliteremka akauliza swali moja. "Sehemu ya kukagua namba iliandikwa na nani?"

Wanjala akasema kwamba ajaili ina kikao cha kutazama nyuma, ambapo timu inaangalia kilichoharibika bila kutafuta wa kulaumiwa.

"Mimi sitafuti lawama," Lomuria akajibu. "Natafuta mtu."

Sote tulijua ni nani. Jina la Bahati lilikuwa kwenye kikaratasi, cha kijani, kinaning'inia.

Kikao kilifanyika Kakuma, ndani ya kile chumba cha mabati, mchana, na joto likiwa limekaa nasi kama mjumbe wa kamati. Bahati alikuwa amevaa shati la Jumapili. Hilo lilinichoma, kwa maana mtu havai shati la Jumapili siku ya kazi ila akidhani ataagwa. Wanjala aliandika juu ya karatasi kubwa: *Nini kilienda vizuri?*

"Maji yalitoka," Lokwang akasema kutoka kwenye kigoda chake.

Wanjala akaandika. Kisha: *Nini kilienda vibaya?* Bahati alikuwa anatazama vidole vya miguu yake. Lomuria alikuwa anamtazama Bahati. Nami nikaona kwamba tukiendelea hivyo, mtu mmoja atatoka chumbani hana kazi, na waliobaki watajifunza kusema "iko sawa" kwa ufasaha zaidi.

Nikasimama.

"Mimi nimekwama," nikasema. "Tangu Wanjala alete ile njia ya kuhifadhi programu yetu pamoja ili kila mtu aone mabadiliko ya mwenzake, mimi sijaielewa. Naogopa nikibonyeza nitafuta kazi ya watu. Kwa hiyo nahifadhi nakala zangu kando. Moja inaitwa 'mwisho'. Nyingine 'mwisho kabisa'. Nyingine 'mwisho wa mwisho', na jana nimeanza 'mwisho kweli'."

Wanjala alifumba macho kama mtu aliyepigwa na jua. "Madam, kila asubuhi nakuuliza."

"Kila asubuhi nakuambia niko sawa."

Mtu mmoja akacheka, halafu wote. Lokwang akajikuna kichwa. "Basi na mimi niseme," alisema. "Ile alama ya kubonyeza kwa simu kwamba fundi amefika kisimani, mimi sijawahi kuibonyeza. Binti yangu hubonyeza. Akiwa nyumbani. Akikumbuka."

"Ndiyo sababu unafika kabla hujaondoka!" Wanjala akapaza sauti. Jambo hilo lilikuwa limemsumbua kwa wiki nyingi.

Kicheko kilipotulia, Bahati alikuwa amesimama. Alishika mgongo wa kiti.

"Mama, mimi nilijua," alisema.

Akatugeukia sote.

"Hapa Kakuma jirani yangu iko na laini ya Uganda. Mwengine ya Juba. Nikaonaka message yao inapotea. Nikajaribu kubadilisha, ikaharibisha ile sehemu ingine, nikarudisha vile ilikuwa. Na waraka inasema namba ya Kenya tu. Kila asubuhi nilitaka kusema. Mais..." Akainua macho. "Mukimbizi akisema nimekwama, kesho kuko mwengine kwa kiti yake. Kazi yangu ya mbele, ya kabla ya hii, nilisema mara moja. Haikukuwa mara ya pili. Niko na watoto, shefu."

Neno la mwisho alimwambia Lomuria. Sote tukageuka kumtazama. Lomuria aliinuka, akainama kupita mlango maana ulikuwa mfupi kwake, akatoka nje. Tulisikia viatu vyake juu ya changarawe, kwenda, kurudi, kwenda.

"Tumeisha," Wanjala akaninong'oneza.

Bahati alianza kukusanya vitu vyake: chaja, chupa ya maji, Biblia ndogo. Nikamwekea mkono juu ya chaja. Sikuwa na mamlaka ya kufanya zaidi ya hapo.

Lomuria akarudi. Shati lake lilikuwa limelowa jasho mgongoni, na ilikuwa mara ya kwanza kumwona hivyo. Hakukaa.

"Ule mstari wa namba za Kenya tu," alisema, "niliuandika mimi. Niliuandika Lodwar, simu yangu ikiwa na mtandao mpaka juu. Bahati amefuata nilichoandika. Kaa, Bahati."

Bahati akakaa, chaja bado mkononi.

"Na maadamu ni siku ya kusema," Lomuria akaendelea, akitazama ukutani badala ya kututazama sisi, "mimi pia nimekwama. Wafadhili wanakuja. Niliwaahidi mfumo mzima. Niliwaahidi ramani yenye visima vyote, vinawaka na kuzima. Hatuna ramani. Sijui nitawaambia nini, na silali."

Mimi nilikuwa nimefanya kazi chini ya mtu huyo miaka mingi na sikuwa nimewahi kumsikia akisema kwamba hajui. Hata Lokwang aliinuka kutoka kwenye kigoda. Na aliyemjibu, kati ya watu wote, ni Bahati.

"Shefu," alisema kwa sauti ndogo, "tuache ramani. Tuwapeleke Lokiriama."

Mchana huo huo tulianza. Bahati alisoma, mimi nikaandika, Wanjala akakaa katikati akinishika mkono kwa ile njia ya kuhifadhi pamoja mpaka nikaielewa, na baadaye nikawafundisha wengine kana kwamba nilizaliwa nayo. Mistari michache, tunaiendesha, inakataa, tunarekebisha. Mke wa Bahati aliita majirani wenye laini za kila nchi wakapanga foleni mlangoni kujaribu. Ujumbe ukaja kwa Kifaransa, kwa Kisomali, kwa Kiarabu cha Juba. Mmoja aliuliza kama shirika letu lina wasichana ambao hawajaolewa. Lomuria alisimama nyuma yetu akisoma kila mmoja kwa sauti, na kila ulipopokelewa aligonga meza kwa kidole. Tulipomaliza, tulihakikisha pia kwamba ujumbe ambao mfumo hauuelewi hautupwi tena, bali unamfikia mtu.

Wafadhili walikuja. Lomuria aliwaambia kwenye ngazi ya ofisi kwamba hakuna ramani, akaeleza kwa nini, akawapakia garini kabla hawajapata la kusema. Nakwawi alikuwa anatungoja. Mbele yao alituma ujumbe wa majaribio, na kabla hajaishusha simu jibu likaingia. Wageni wakapiga makofi. Nakwawi alisoma, akakunja uso.

"Inasema, 'Ombi lako limepokelewa na linashughulikiwa.'" Akamgeukia Lomuria. "Ombi? Mimi siombi. Nawaambia."

Mgeni mkubwa alipotafsiriwa maneno hayo alicheka mpaka akaondoa miwani. Wanjala alikuwa amekwisha toa kikaratasi mfukoni anaandika. Baada ya wiki mbili, ukituma ujumbe kutoka Lokiriama ulijibiwa hivi: *Tumesikia. Lokwang anakuja.* Hayo ni maneno ya Nakwawi, na hadi leo hakuna aliyeweza kuyafupisha.

Msidhani baada ya hapo mambo yalinyooka. Wanjala alipomaliza muda wake na kurudi Nairobi, tulikaa miezi bila kikao cha kutazama nyuma kwa sababu kila mtu alikuwa na shughuli, na ofisi ambayo kila mtu ana shughuli ndiyo inayohitaji kikao. Lomuria bado alikuwa anaandika nyaraka, ila zilianza kupungua unene. Siku moja alinionyesha moja ya ukurasa mmoja, akiona haya kidogo, kama mtu aliyekatwa nywele vibaya. Bahati alichukua nafasi ya kuongoza timu zote mbili, Lodwar na Kakuma. Asubuhi anauliza swali lake tofauti na Wanjala. Haulizi kama kuna aliyekwama. Anauliza, "Leo nani amekwama?" na anaanza na yeye mwenyewe. Nyuzi zake bado anazifumua polepole. Kwaya nayo imepata kinanda.

Ninyi mnaoanza, mkiingia kwenye kile chumba mkute kamba na vibanio, msivishangae, wala msidhani hiyo ndiyo ajaili. Kamba unaweza kuifunga hata kwenye ofisi ya waongo. Nilichoona mimi ni watu waliozoea kuficha wakizoea kusema, polepole, kwa aibu, na mkubwa wao akiwa mmoja wao. Hilo halifungwi na kibanio. Na likifunguka, programu ni kazi nyepesi.

Wiki iliyopita nilikuwa napalilia, simu ikalia. Bahati.

"Mama, habari ya shamba? Jana tulikwama kabisa. Ile sehemu ya ujumbe ambayo wewe uliandikaka."

Moyo wangu uliruka. Nilijua ni sehemu gani. Nilijua hata mstari. Nikaegemea jembe, nikasafisha koo, nikaanza kumweleza kwa furaha, tangu mwanzo, kwa nini niliiandika vile, mahali pa kugusa na mahali pa kutogusa. Alinisikiliza kwa adabu yake yote mpaka nikanyamaza kuvuta pumzi.

"Aksanti sana, mama," alisema. "Mais ilishaisha. Yule binti mupya alisema asubuhi amekwama, tukakaa naye wote, saa sita ikawa imeisha. Nilipiga tu nikusalimie."

Tukasalimiana. Akakata simu, nami nikabaki katikati ya mahindi na suluhisho zuri sana ambalo hakuna mtu aliyelihitaji, nikacheka peke yangu mpaka jirani akasimama kwenye mfereji kunitazama.